Tusimsingizie Papa Peke Yake

Kati ya mwaka 2011 na 2019, wenzetu wa kisiwa cha Réunion, kilichoko mashariki ya Bukini katika Bahari hii hii ya Hindi, walipoteza watu 11 waliouawa na papa. Baadhi yao walikuwa bado watoto.

Sisi watu wa visiwa hatuna haki ya kuzisoma habari hizo kama hadithi za ng'ambo. Ni kweli kwamba kwetu papa ni kitoweo kabla ya kuwa adui. Ng'onda wake tumemla tangu utotoni, na sifa, yaani mafuta ya ini lake, yamepakwa majahazini tangu enzi za babu zetu. Ni kweli pia kwamba papa kumvamia mtu katika maji yetu ni jambo la nadra. Hata Réunion walikuwa wakiogelea bila ya hofu kubwa kabla ya mwaka huo wa 2011.

Mwezi Julai 2013 wakuu wa Kifaransa wanaokitawala kisiwa hicho walipiga marufuku kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, isipokuwa ndani ya miamba na mahali palipowekewa ulinzi. Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Wenye mbao waliilaumu hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2007. Wengine walisema papa wamezidi kwa kuwa uuzaji wa nyama yao ulikatazwa katika miaka ya 1990 kwa kuhofia sumu. Nyavu zikatandazwa katika ufukwe wa Boucan Canot, na Agosti 2016 mtu mmoja akakatwa mkono humo humo; wavu ulikuwa umetoboka.

Kwa maoni yetu, jambo lililostahili kutazamwa zaidi ni maji yenyewe. Mmoja wa papa wanaotajwa sana katika misiba hiyo ni yule ambaye huko kusini mwa Afrika huitwa papa wa Zambezi. Huyu ni samaki wa ajabu: huishi baharini, naye hupanda mito mpaka kwenye maji baridi. Hupenda midomo ya mito na maji ya tope, na huwinda sana jua linapokuchwa. Binadamu si chakula chake cha desturi, lakini penye tope hatambui vizuri kilicho mbele yake. Sasa basi, upande wa magharibi wa Réunion ni mkavu kwa asili. Miji ikaongezeka huko, vilima vikajengwa, na maji yakaletwa kwa mahandaki kutoka mashariki yenye mvua nyingi. Mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyojengwa, maji hayapati pa kuzama. Hukimbilia baharini na udongo na taka zake. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Tunasema ni sababu ambayo mkono wa mtu umo ndani yake.

Wapo watakaotaka papa wauawe wote yaishe. Hao wakumbuke kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 duniani tangu mwaka 1970, na kwamba katika mwaka mzima wa 2024 watu walioumwa na papa bila ya kumchokoza walihesabiwa 47 tu dunia nzima. Mvuvi wetu anayerudi na mtego mtupu anaijua hasara hiyo kuliko mtaalamu yeyote.

Vijana wetu hupiga mbizi Forodhani kila jioni, nasi twafurahi kuwaona. Lakini maji machafu ya Mji Mkongwe huishia katika bahari hiyo hiyo, na matumbo ya samaki hutupwa pwani kana kwamba bahari ni jaa. Wakubwa wanaohusika wamekwisha kuambiwa habari za mitaro mara nyingi. Mikutano imefanywa, chai imenywewa.

Tunawataka wenye dhamana ya manispaa na ya uvuvi waanze na machache. Matumbo ya samaki yazikwe au yafanywe mbolea. Vibali vya kujenga ufukweni visitolewe mpaka ijulikane maji machafu yatakwenda wapi. Na kabla ya masika, masheha wawatangazie wazee wa kila shehia ya pwani kwamba watoto wasioge kwenye midomo ya mito siku za mafuriko, wala magharibi ikishaingia.