Kulenga shabaha kuna adabu yake

Siku ya Idi iliyopita, swala ikiwa imekwisha hapa Mbagala, tuliletewa mtoto aliyepigwa jichoni kwa punje ya plastiki. Alhamdulillahi, jicho limepona. Aliyefyatua ni rafiki yake, na bastola hiyo ya kuchezea ilikuwa zawadi ya Idi kutoka kwa baba yake.

Wazazi wenzetu, hatusemi kwamba kulenga ni kosa. Mtume (s.a.w.) alihimiza kujifunza kutupa mishale. Katika Michezo ya Olimpiki wapo wanaolenga kwa bastola za risasi ndogo, kipenyo milimita 5.6, shabaha ikiwa umbali wa mita 25. Raha yao ni kutuliza pumzi, kuchonga kishikio cha mbao hadi kikae sawasawa kiganjani, na kuona risasi imetua katikati. Lakini somo lao la kwanza si kufyatua. Ni kutomwelekezea mtu mdomo wa silaha, hata ikiwa tupu.

Nasi tulikwisha kufundishwa. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, amelaaniwa anayemwelekezea nduguye chuma, ingawa ni wa baba mmoja na mama mmoja.

Basi ukimnunulia mwanao bastola ya kuchezea, mpangie makopo ukutani, usimame naye, mhesabu pamoja. Akimwelekezea mwenziwe, ichukue papo hapo. Bastola halisi, kwa sheria yetu ya mwaka 2015, haimilikiwi bila leseni. Adabu haisubiri leseni, huanzia nyumbani.

Wabillahi tawfiq.