Ushabiki wa kudumu si utoto

Mwandishi mwenzetu amedai kwamba kumshikilia mwongozaji mmoja wa filamu tangu ujana ni kukataa kukua. Napinga. Kijana wa Gisenyi, Rwanda, aliyeanza na filamu "Imbabazi" ya mwongozaji Joël Karekezi mwaka 2013 alikabiliwa na swali zito: je, muuaji wa mauaji ya kimbari ya 1994 anasameheka? Kisha filamu yake Karekezi "The Mercy of the Jungle" ikamwonyesha askari wawili wa Rwanda waliopotea katika misitu ya Kongo, nchi anayoiona kila siku ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2019 filamu hiyo ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou. Amfuataye msanii miaka yote hushuhudia fikra zikikomaa, naye hukomaa nazo. Anayerukia kila jina jipya hutazama mengi, hamjui yeyote.