Ulinzi wa Matumbawe: Funzo la Ghuba ya Mnazi

Mwamba wa matumbawe ni kazi ya wanyama wadogo mno, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa chini ya maji. Vikombe hivyo vikirundikana kwa karne nyingi huwa mwamba, na humo samaki hupata chakula, maficho na mahali pa kukulia. Katika Ghuba ya Mnazi, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 250 za matumbawe. Utajiri huo ulikaribia kuangamia.

Baruti ikilipuka majini, mshindo wake hupasua kifuko cha hewa kilichomo mwilini mwa samaki. Baadhi huelea na kuokotwa. Wengi huzama na kupotea. Mwamba nao huwa kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, na vichanga vya matumbawe havipati mahali imara pa kushika. Kazi ya karne huharibika kufumba na kufumbua. Mwaka 1996, katika muda wa miezi miwili tu, milipuko 441 ilihesabiwa katika Ghuba ya Mnazi.

Wengi hudhani kwamba uharibifu wa namna hii hukomeshwa na askari peke yao. Historia ya Mtwara haithibitishi dhana hiyo. Katika miaka hiyo ya 1990, wavuvi wa vijiji vya pwani ya kusini walipaza sauti wenyewe. Wakisaidiwa na mradi wa maendeleo ya Mtwara na Lindi uliofadhiliwa na Finland, walikutana, wakajadili hasara yao, wakaunda chombo chao kilichoitwa Shirikisho. Haikuwa kazi nyepesi. Mpiga baruti aliweza kuwa jirani au hata ndugu, na kumtaja mtu wa kijijini kwako ni jambo zito. Hata hivyo walisema. Mwishoni mwa muongo huo Jeshi la Wanamaji nalo likaingia kazini, na milipuko ikapungua mno.

Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilometa za mraba 650. Nia ilikuwa njema, lakini masharti ya nyavu na ya mahali pa kuvulia yaliwabana hasa wanyonge, na baadhi ya wanavijiji wakaiona hifadhi kuwa mali ya wageni. Baruti nayo ilirejea katika pwani ya Tanzania, hata ilipopungua tena mwishoni mwa miaka ya 2010.

Sheria ni ya lazima, kwani wanakijiji hawana uwezo wa kuwafukuza wahalifu wenye mashua za injini. Lakini mashua ya doria haiwezi kulinda kila mwamba kila siku. Mwanakijiji yupo siku zote. Kwa hiyo ni haki kwamba mvuvi anayetakiwa kuacha kokoro lake apatiwe kwanza nyavu halali, tena ashirikishwe katika kupanga masharti yenyewe. Pasipo hayo, mlinzi bora wa bahari hugeuzwa kuwa mpinzani wake.

Mwalimu wa baiolojia wa Mtwara hana haja ya kutafuta mifano ng'ambo. Wazee walioisikia milipuko ile wangali hai vijijini, na wanafunzi wanaweza kwenda kuwauliza.