KIJANA WA KAZI MPYA ASIACHWE PEKE YAKE



Kila asubuhi njia za Buluk hujaa watu waendao kazini: askari polisi wakielekea makao makuu yao, makarani, walimu, wauguzi, na akina mama wauza chai. Miongoni mwao wamo vijana walioanza kazi juzi tu. Wengi wao wamevunjika moyo, na wakubwa wao kazini huwaambia neno moja: vumilia.

Sisi hatukubaliani na neno hilo likisemwa peke yake. Kijana huyu si mlegevu. Sababu za kukata tamaa kwake zinahesabika. Nchi ilipata uhuru Julai 2011, na Desemba 2013 vita vikazuka hapa hapa Juba. Desemba 2015 paundi ilipoachwa ijitafutie bei yake, dola iliyokuwa chini ya paundi 3 ikafika zaidi ya 18 kwa mara moja. Mshahara ulikuwa ule ule, sokoni unga haukuwa ule ule. Tena Februari 2024 bomba la mafuta liendalo Port Sudan likapasuka ndani ya Sudan yenye vita, hazina ikakauka, na watumishi wa serikali wakakaa miezi mingi bila malipo. Aliyeajiriwa mwaka ule alijifunza kazi kabla ya kuushika mshahara wake wa kwanza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia avumilie, umemwambia nini?

Wako wenye mzigo wa pili. Hao walilelewa ukimbizini, kama Kakuma nchini Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Darasani walisoma Kiingereza, uwanjani walicheza kwa Kiswahili. Wamerudi na vyeti vizuri, lakini ofisini maneno mengi hupita kwa Kiarabu cha Juba. Kijana ananyamaza mkutanoni, na wenzake wanadhani hajui kazi! Sisi tusomao ukurasa huu wa Kiswahili tunawafahamu vijana hao kuliko wengine, basi tusingoje idara iwasaidie. Dakika chache za mapumziko zatosha kumfasiria mwenzako kilichosemwa.

Jambo hili lina mfano wake. Baada ya uhuru, watumishi wapatao 200 kutoka Ethiopia, Kenya na Uganda waliletwa kupitia IGAD, kwa msaada wa fedha za Norway, wakawekwa mmoja mmoja kando ya wenyeji wa ofisi ili wawaonyeshe kazi. Mpango ule ulikuwa na kichekesho chake: mgeni aliendelea kulipwa mshahara na serikali ya kwao, naye mwenyeji aliyefundishwa hakuwa na hakika ya wake. Hata hivyo mgeni alikuwa na mtu wa kumwelekeza, na mwenyeji alikuwa na mtu wa kumwuliza. Kwa nini tungoje wageni? Kila tawi la chama limpe mfanyakazi mpya mzee mmoja wa kazi, mwanamume au mwanamke, amwulize bila kuona haya. Hilo halihitaji fedha za Norway.

Nawe kijana, kuendesha bodaboda jioni au kuuza mboga si aibu; wengi wetu tunafanya hivyo. Hatari ni kutoweka kazini kimya kimya, kwa maana siku malimbikizo yatakapolipwa, jina lisilokuwamo kwenye daftari la mahudhurio ni rahisi kukatwa. Usiende pia kwa mkubwa peke yako kudai. Ibara ya 25 ya Katiba ya Mpito ya 2011 inakupa haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho, na mwaka 2012 nchi hii iliridhia Mkataba wa 98 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya majadiliano ya pamoja. Njoo tawini, uje na barua yako ya kuajiriwa. Nakala yake tutaiweka sisi, na ile ya asili ifunge kwenye karatasi ya nailoni, mahali ambapo mvua haifiki.