Chepilat Si Mpaka, Ni Mtaa

Ninyi mnaolipia keja Nairobi kwa mkopo wa simu, nisikilizeni: mimi ndiye ninayeishi katikati. Nikifika stejini Chepilat, matatu za Keroka na Kisii zinaelekea huku, za Sotik kule, na ukishafika Sotik, Bomet na Kericho si mbali. Maziwa, ndizi na managu napata hatua chache kutoka mlangoni. Na kodi ya nyumba? Nikiwatajia mtalia.

Basi acheni kuniuliza, "Unaishije huko mpakani?"

Najua mnachomaanisha. Upande mmoja ni Bomet, wa pili Nyamira. Wakipsigis huku, Wakisii kule. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, nyumba na maduka yalichomwa hapa. Sikatai. Ndiyo maana kodi ni nafuu: tunapunguziwa bei na hofu. Mwenye ploti yangu ana mawe na simiti tayari, lakini hajengi. "Ngoja kwanza 2027 ipite," ananiambia.

Huo ni upuzi. Wanaokuja kutukumbusha mpaka huja na spika juu ya gari, wakishapata kura hawaonekani. Sisi tunabaki tukigawana kisima na steji.

Kwa hivyo ukitumiwa ujumbe kuhusu "wale wa ng'ambo", usiusambaze. Ng'ambo ni kwa mama wa ndizi. Yeye hunisalimu "Chamgei", mimi namjibu "Bwakire", tunacheka. Na bado ananidai shilingi 60.