Nyumba Imeshachukuliwa

Mimi ni mkabila. Sasa wewe unayejiandaa kunijibu ati hujawahi kuona kabila la mtu, unaona binadamu tu, hebu kaa kwanza tuongee.

Machi 2024 nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye kodi, Roysambu. Chuo nilikuwa nimeacha, pesa hakuna, na mwenye nyumba alikuwa ameanza zile simu zake za alfajiri. Jamaa mmoja akanipigia. Mpole, ana kazi, akajitambulisha kwa jina la ubatizo tu. Tukaelewana. Akatuma elfu mbili za kushika nafasi, na meseji ya M-Pesa ikaingia na majina yake yote. La mwisho lilianza na O.

Mimi ni Mkikuyu. Kilichopita kichwani nakiandika kilivyokuwa: huyu ni Mjaluo, atanisumbua na kodi. Mimi, mwenye deni la miezi miwili! Nikamrudishia pesa zake, nikaandika: "Samahani bro, nyumba imeshachukuliwa." Akajibu: "Sawa, hakuna noma."

Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Juni, nilikuwa katikati ya jiji nakohoa vitoza machozi, bango mkononi: HATUNA KABILA. Na nililiamini hilo bango, kabisa. Tulipoukataa Mswada wa Fedha pamoja tulifanya jambo kubwa na sitaki mtu alidharau. Lakini kukimbizwa na polisi pamoja na mtu ni saa chache. Kumpa ufunguo wa nyumba yako ni stori nyingine, na huko hatukufika. Mimi sikufika.

Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" lilikuwemo, hata "hatupangwingwi". Sipingi, baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na maneno yalichangia. Ila isome tena meseji yangu. Ni neno gani hapo utalipeleka kortini? "Samahani"? "Bro"? Ukabila wangu una adabu zake, na wako pia, ndiyo maana haujawahi kukamatwa.

Kuna watakaosema kuyataja haya ni kuchochea, tunyamaze yatakufa yenyewe. Kwetu yalinyamaziwa vizuri sana. Hakuna aliyeniketisha akanifunza. Nilikuwa mtoto tu sebuleni, nikisikia wakubwa wakicheka ati mtu asiyepashwa tohara hawezi kuwa rais. Kisha mgeni wa jina tofauti akibisha, ghafla wote wanazungumzia mvua. Kile kicheko nilikishika. Na ile mvua pia.

Wala sisemi tujisifu. Wanasiasa wanajisifu mchana kweupe na wanapigiwa makofi. Nasema mtu akuulize kwa nini ulimnyima mwenzako nafasi, umjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe unanuka. Nikisema "nilikuogopa kwa sababu ya jina lako," unaweza kunitukana, unaweza kunicheka, unaweza kuniuliza deni langu lilikuwa la nani. Nikisema "nyumba imeshachukuliwa," utajibu nini?

Namba yake bado ninayo. Mara tatu nimeandika na kufuta. Leo asubuhi nimetuma: "Nyumba haikuwa imechukuliwa. Niliona jina lako."

Alama zimegeuka buluu. Hajajibu.