Bibi Analea, Tumhesabu

KANDO YA ZIWA
Na Kulwa Masalu

Siku ya kliniki, katika zahanati yoyote kuanzia Igoma hadi Kisesa, kuanzia Nansio hadi Sengerema, watazame waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri watoto wapimwe uzito. Katikati ya akina mama vijana utawaona wanawake wa miaka hamsini na kitu, sitini na kitu, wamebeba watoto mgongoni. Hao ni bibi. Muuguzi anasimama kutoa elimu ya afya. Anaeleza unyonyeshaji, lishe ya mjamzito, uzazi wa mpango. Bibi anasikiliza mambo ambayo kwake yamekwishapita, kadi inajazwa, anarudi nyumbani na mjukuu wake. Hakuna aliyemuuliza presha yake ikoje, anaona vizuri kiasi gani, wala nyumbani amebakiwa na nini cha kumpikia mtoto uji.

Tunapanga afya ya mtoto mdogo kana kwamba bibi hayupo. Nasema hilo ni kosa, na ushahidi wa kosa hilo haukuandikwa Ulaya wala Marekani. Sehemu kubwa yake imeandikwa hapa hapa, kandokando ya ziwa letu la Victoria na katika nchi zinazolizunguka.

Kwanza tukubaliane kwamba kumpeleka mtoto kwa bibi si uzembe wa wazazi. Kazi za ukanda huu hazikai mahali pamoja. Mvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikishaenea taa ya karabai haivuti samaki, na kambi huhama kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mama anayeanika dagaa hufuata mzigo wake hadi Mwaloni, Kirumba. Mwingine yuko machimboni Geita, mwingine anafanya kazi za ndani Dar es Salaam. Mtoto akiachishwa kunyonya, Magu, Kwimba au Ukerewe kuna mlango ulio wazi unaomngoja. Mpango huo umewalea wengi wetu, na hata leo ndio unaowawezesha maelfu ya wazazi kutafuta riziki.

Sasa tuangalie sayansi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, baada ya kufanya kazi London na John Bowlby, daktari aliyekuwa akichunguza madhara ya mtoto kutenganishwa na mama yake. Kwa msaada wa mkalimani wake, Katie Kibuka, Ainsworth alizunguka katika vijiji vya jirani na jiji hilo, akikaa sebuleni na familia 26 za Kiganda na kuwatazama watoto 28 wanavyolia, wanavyotambaa na wanavyomkimbilia yule wanayemwamini. Kitabu chake kuhusu uchanga nchini Uganda kilitoka mwaka 1967. Elimu ambayo leo inafundishwa dunia nzima, kwamba mtoto anahitaji mtu wa uhakika wa kumrudia anapoogopa, ilianza kujengwa katika nyumba zile, mwendo mfupi tu kutoka ufukwe wa Victoria.

Ainsworth mwenyewe aliandika kwamba watoto wale hawakumpenda mama peke yake. Wengi walishikamana pia na baba, bibi, dada wakubwa na watu wengine wa nyumbani. Aliwakuta Waganda wakiwa na desturi ya kumpeleka kwa bibi mtoto aliyeachishwa kunyonya, desturi ambayo Msukuma au Mkerewe hahitaji kufafanuliwa. Lakini elimu hiyo ilipohamia Marekani ikaingia maabara, chumba kikawa na mama, mtoto na mgeni mmoja tu. Bibi alibaki Uganda. Miongo ilipita, na mipango ya afya ya mama na mtoto ilipoandikwa na kusambazwa Afrika, ilitujia ikiwa imemwacha nje yule ambaye mtafiti wa kwanza alimwona kwa macho yake.

Upande wa kusini mashariki, karibu na Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake walifanya utafiti kati ya Wahadzabe katika miaka ya 1980. Waliwafuata wanawake porini na kupima chakula walichokusanya. Mama anapokuwa na mtoto mchanga, walibaini, uwezo wake wa kuchimba mizizi hupungua, na uzito wa mtoto aliyetangulia hufuata juhudi za bibi yake. Kutokana na kazi hiyo wakatoa hoja ambayo wanasayansi wanaijadili hadi leo: kwamba huenda mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu jasho lake liliwakuza wajukuu. Kwa hoja hiyo, bibi ni sehemu ya namna binadamu alivyofanikiwa kuishi.

Kagera inatuonyesha upande wenye uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika huko mwaka 1983. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizitembelea zaidi ya kaya 900 za mkoa huo, kisha wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004, popote walipokuwa wamehamia. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipochambua takwimu hizo walikuta kwamba mtoto aliyempoteza mama yake alifikia utu uzima akiwa mfupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na akiwa amepoteza kama mwaka mmoja wa shule. Msiba wa utotoni ulikuwa umeandikwa mifupani.

Na nani aliwapokea watoto wa misiba ile? Wengi walipokelewa na bibi zao, waliowazika watoto na kuanza upya kulea wajukuu huku nguvu zikiwaishia. Tarafa ya Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 iliwalinganisha waliopata pensheni na ambao hawajapata. Jina la ripoti yenyewe linataja chumvi, sabuni na viatu vya shule, na humo ndimo fedha zilimokwenda. Mlo uliboreka, na wasiwasi wa wazee ulipungua. Shilingi aliyopewa mzee ilionekana mwilini mwa mtoto.

Najua jibu la wauguzi wengi, nami naliheshimu, kwa sababu wao ndio wanaompokea mtoto akiwa amezidiwa. Watasema bibi ndiye anayemlisha mtoto uji kabla ya miezi sita, ndiye anayemnywesha dawa ya mchango, ndiye anayesema mtoto hana homa bali meno yanaota. Ni kweli, yapo hayo, na mengine yanaua. Lakini mtu mwenye kauli nzito kiasi hicho nyumbani huwezi kumshinda kwa kumzunguka. Binti wa miaka kumi na tisa aliyefundishwa kliniki kutompa mtoto chochote ila maziwa yake, akirudi nyumbani na kukuta mama mkwe ameshakoroga uji, atafanya nini? Wa kufundishwa ni wote wawili, wakiwa wamekaa pamoja. Na tukimfundisha bibi tumsikilize pia, maana anayajua mengi kuhusu kumtuliza mtoto, kuongea naye na kumsimulia hadithi, mambo ambayo wataalamu wa malezi ya awali leo wanatuhimiza tuyafanye.

Inawezekana. Mkoani Mara, katika vijiji 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao wa Tanzania walijaribu kuwaingiza akina baba katika mafunzo ya lishe na malezi yaliyotolewa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba akina baba waliitika, na ushirikiano ndani ya nyumba ukaongezeka. Tulizoea kusema mwanaume wa kanda hii hawezi kukaa kwenye kikao cha uji na nepi. Alialikwa, akaja. Bibi ambaye tayari yuko kwenye benchi la zahanati hahitaji hata kutafutwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza ni la serikali. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imetusaidia sana kuliona suala la mtoto kwa ukamilifu: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Muda wake ulipangwa kufika mwaka 2025/26. Mpango unaoufuata umtaje bibi waziwazi, umpangie vikao vyake, na kadi ya mtoto iwe na nafasi ya kuandika nani anayelala naye na kumlisha kila siku.

La pili, afya ya bibi ihesabiwe kuwa afya ya mtoto. Mwaka 2014 watafiti wa Bugando na washirika wao walionyesha kwamba zahanati nyingi walizozikagua hazikuwa tayari kutibu presha na kisukari, hata kwa dawa za kawaida kabisa. Bibi akipooza kwa presha isiyotibiwa, watoto watatu wanapoteza mlezi siku hiyo hiyo. Apimwe siku ile ile anapomleta mjukuu. Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na kuendelea tangu Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini pensheni ya wazee wote bado hatuna. Muleba imeshatuonyesha fedha hiyo inafanya nini.

La tatu ni la watafiti. Wananchi wa Kisesa, wilayani Magu, wamekuwa wakihesabiwa na kuhojiwa tangu mwaka 1994 na wenzetu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, na washirika wao. Ni kazi ya heshima, na kumbukumbu zake ni hazina. Naomba hazina kama hiyo itumike kutuambia mtoto anayelelewa na bibi anakua vipi, nini kinamsaidia na nini kinamkwamisha, kisha majibu yasomwe kwa Kiswahili na Kisukuma kwenye mikutano ya kata, mbele ya waliohojiwa.

Hatuombi bibi abebeshwe mzigo mpya. Mzigo anao tayari, na ameubeba bila mshahara, bila mafunzo na bila kupimwa presha. Madiwani wetu na halmashauri zetu wana bajeti kila mwaka na wana kamati za lishe kila wilaya. Waanze na swali moja katika kikao kijacho: katika kata hii, watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanalelewa na bibi, na mwaka huu tumemtengea bibi huyo nini?